Mama Nukta na Somo la Kumi na Saba

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, marehemu ni dada yangu, familia imeniomba nisome, nami nitajitahidi nifike mwisho.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala, akiwa wa tatu kati ya watoto watano, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari mwaka 1987, na mwaka 1991 akahitimu stashahada ya ualimu wa hisabati. Tarehe 2 Septemba mwaka huo aliajiriwa katika chuo cha wauguzi kufundisha hesabu za dozi, na kwa kuwa hakuiacha nukta ya desimali ipite bila kuigonga kwa chaki, wanafunzi walimbatiza Mama Nukta, jina ambalo hata shemeji yangu alilitumia, akiwa salama upande wa pili wa mlango.

Alifunga ndoa na shemeji huyo tarehe 18 Desemba 1994, mume akiwa dereva wa gari la wagonjwa, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi umeme.

Aprili 2020 chuo kilipohamia mtandaoni, alifundisha mubashara kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni, kwenye meza ya jikoni, na darasa likinyamaza alimwita mtu kwa jina, akamwambia, "Ukimya si jibu, mwanangu, hebu nisomee ulichoandika." Lakini wanafunzi wake wengi tayari walikuwa wauguzi kazini, na saa hiyo walikuwa zamu, wengine mtandao uliwakatikia katikati ya hesabu, wakaomba masomo yarekodiwe ili kila mtu asome kwa nafasi yake, na Agosti 2022 chuo kikayafuta yale ya mubashara. Alipinga, kisha akakubali, kwani, haki isemwe, anayetoka zamu naye anastahili kusoma, akarekodi masomo arobaini na manane, akiongea na kamera ambayo, alivyoniambia, haikunji uso isipoelewa.

Tarehe 21 Novemba 2022 muuguzi mmoja alimpigia simu, akasema, "Samahani, Mwalimu, kwenye somo la kumi na saba sisi huku tunapata sifuri nukta mbili tano, wewe umeandika mbili nukta tano." Ilikuwa dozi ya dawa ya moyo, mara kumi ya kipimo, na video ilikuwa imekaa miezi mitatu, imetazamwa na wauguzi mia mbili na kumi na wawili, wengine wameuliza chini yake na hakuna aliyewajibu. Dada hakulia, alikaa sakafuni. Video ilirekebishwa siku hiyo hiyo, chuo kikatoa tangazo, ila yeye hakuridhika, akaomba orodha ya wote walioitazama, akaanza kuwapigia mmoja mmoja, akimtaka kila mmoja amsomee jibu kwa sauti. Hakuna aliyesema amemdhuru mgonjwa, lakini wawili walikata simu kabla hajamaliza kuuliza, na hao wawili ndio waliomnyima usingizi.

Tarehe 9 Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo, Septemba sauti ikaisha kabisa, akawa anaandika kwenye daftari na binti yake akipiga simu kwa niaba yake. Alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, na wauguzi kumi na mmoja wa orodha ile wakiwa bado hawajapatikana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliopika na kufua kwa miezi minane bila kuitwa, na walimu wenzake waliomsomea barua za wanafunzi alipokuwa hawezi tena kuinua kichwa.

Marehemu aliniagiza, kwa maandishi, nisikae kabla ya kusema hili: kama yupo hapa muuguzi aliyesoma somo hilo kabla ya tarehe 21 Novemba 2022, na hajapigiwa simu, jibu ni sifuri nukta mbili tano, tafadhali mwone binti yake baada ya mazishi, hakuna atakayekulaumu.

Dada, tumelisema. Pumzika sasa, na amani ikufunike.