Kabla Kompyuta Haijafunguka

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani, mmoja huku na mwingine huku, na msipeane migongo kama mlivyofanya tangu jana. Zimeni hiyo feni nisikike, sauti yenyewe ndiyo hii imebaki.

Nimewasikia mkigombana dukani, na duka lenyewe ni chumba cha mbele tu, ukuta hauzuii kitu. Wewe mkubwa unataka prosesa ya kompyuta, ule ubongo wake, ibadilishwe sasa, eti wateja wa kadi za harusi wamechoka kusubiri. Na wewe kitindamimba wangu unasema tungoje mwakani zitoke mpya, tubadilishe mashine nzima kwa mpigo. Mkarushiana maneno weee, na leo hamsemezani. Hamsemezani! Kwa kidude kisichofika hata ukubwa wa biskuti! Na mimi nikiondoka mtabaki wawili tu.

Baba yenu aliiweka ile prosesa kwa vidole vyake mwenyewe, amebana pumzi, mimi nimemshikia tochi, na kioo kilipowaka akanibeba juujuu mpaka nikamwambia nishushe, mteja yuko mlangoni. Ilikuwa na kasi siku zile, jamani! Ikazeeka pamoja na sisi. Asubuhi akibonyeza kitufe, chai inakwisha kikombeni mashine haijafunguka, na hapo ndipo tulipozungumza mambo yetu yote, karo zenu, mama yake aliyekuwa akiumwa, hata jina lako wewe mdogo. Fundi akimshauri abadilishe, anamjibu ngoja kwanza, nanyi mkadhani ni ubahili. Alitaka kukaa na mimi, basi. Nimemkumbuka mno mume wangu.

Sasa shikeni neno langu. Duka ni lenu nyote wawili, sawa kwa sawa. Prosesa mkaibadilishe kesho, maana mwakani nako mtaambiwa kuna nyingine inakuja, na wateja hawatawangoja. Ile ya zamani msiitupe, iwekeni kabatini, ndani ya kikombe cha chai cha baba yenu.

Lakini leo... nipeni maji kidogo. Ahsante, mama. Leo nendeni mkaiwashe hivyo hivyo ilivyo, mlango muuache wazi, mkae kwenye vile viti vyetu viwili, mzungumze mpaka ifunguke. Mungu awaweke pamoja, awape riziki na masikilizano. Haya, nendeni.

Imefunguka?... Bado? Afadhali. Zungumzeni, wanangu... nawasikia.