Bado: Wasifu wa Kaka Yangu, Mkaguzi wa Winchi

Tunayemzika leo ni mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, na kwangu mimi, mdogo wake ninayewasomea maneno haya, alikuwa ndugu pekee. Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba yetu. Mama alitusimulia kwamba alichelewa kulia mpaka mkunga akaanza kuhangaika. Kisha akalia mara moja tu, akanyamaza, kama mtu aliyekwisha kusema lake. Mimi nilimfuata miaka tisa baadaye.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari mwaka 1969. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti, "Anajua, ila hasemi mpaka ahakikishe." Baada ya hapo alisoma chuo cha ufundi miaka miwili, fani ya mitambo.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa katika ofisi ya ukaguzi wa mitambo, akadumu humo hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Kazi yake ilikuwa kupima kila kinachonyanyua mzigo: kreni za viwandani, winchi za machimboni, lifti za majengo. Chini ya fomu aliandika moja ya maneno matatu: Imepita, Hapana, au Bado. Hilo la tatu ndilo lililotoka mara nyingi kwenye kalamu yake, mafundi wakalifanya jina lake. Bado anakuja, walisema, na redio ya karakana ikazimwa. Kazi hiyo haina rafiki. Soda ya mtu hakunywa. Alibeba chai yake kwenye chupa na kuinywa peke yake, ameketi kwenye ngazi ya gari la ofisi, amewapa watu mgongo ili nao wale kwa raha.

Alifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980, na mshonaji wa nguo aliyekuwa na cherehani yake barazani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Shemeji alipenda kusimulia jinsi alivyomngoja miaka minne. Kila shangazi alipomuuliza kaka kama ameamua, alijibu, "Bado." Siku moja shemeji alimfuata akiwa anatoka kazini, akasimama mbele yake njiani.

"Mkaguzi, mimi si winchi. Utanikagua mpaka nishike kutu?"

Kaka akamjibu, "Sikuwa nakukagua wewe. Nilikuwa najikagua mimi."

Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa mwaka 1983. Nyumba ile ilikuwa na kicheko kimoja, cha shemeji, nacho kiliwatosha wote watatu.

Sasa nafika mahali ambapo ningeweza kuruka, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini wasifu ni ushahidi, na mimi naogopa kutoa ushahidi wa uongo mbele ya jeneza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mwaka 2009 niliunda winchi yangu mwenyewe juu ya lori kuukuu la tani saba. Mkono wake niliutengeneza kwa bomba nene la chuma, mota niliitoa kwenye mtambo uliokufa, waya na ndoano nilinunua vipya. Nilitaka kunyanyua injini, matanki ya maji na mashine za kusaga, kazi ambazo watu walikuwa wakizifanya kwa migongo yao. Bila fomu ya ukaguzi nisingepewa kazi za maana. Jumamosi, tarehe 16 Mei, kaka alikuja kuipima. Nilikuwa nimewaalika wateja. Nilijua ni kaka yangu, nikadhani inatosha.

Alizunguka lori mara mbili. Akagonga kila mahali nilipochomelea kwa nyundo ndogo, ametega sikio. Tukafunga pipa kubwa lililojaa zege na vyuma, tani moja na robo, nikalinyanyua kwa nyuma ya lori. Watu wakapiga makofi. Yeye akachora mstari wa chaki kwenye mota, akatazama saa yake dakika kumi nzima, pipa likining'inia. Halikushuka hata unene wa kucha.

"Sasa zungusha upande wa kulia," akasema.

"Kaka, sisi mizigo tunachukulia nyuma."

"Na ukikuta nyuma kuna ukuta?"

Nikazungusha. Lori likalia kidogo, basi. Nikaona limekubali. Kaka akaenda upande wa kushoto, akapiga magoti kwenye vumbi, akachukua fomu yake na kuipitisha chini ya tairi la nyuma. Ilipita yote, ikatokea upande wa pili. Tairi lilikuwa limeinuka kutoka ardhini; lori lilikuwa linaanza kupinduka. Akaniambia nishushe pipa. Kisha, kwenye karatasi hiyohiyo yenye vumbi, akaandika Bado. Akanieleza mbele ya watu kwamba inahitaji miguu ya chuma pembeni, miwili kila upande, ya kukanyaga chini kabla ya kuzungusha. "Ukimaliza, niite," akasema.

Muuza matofali, mteja niliyemtegemea kuliko wote, akacheka. "Fundi, kama hata nduguyo hakuamini, sisi tukuaminije?"

Kaka sikumwita tena. Palepale nilimwambia, watu wote wakisikia, kwamba ameishi kwa kuwazuia wenzake. Alifuta magoti yake, akaenda kunywa chai yake kwenye ngazi ya gari.

Shemeji alinifuata karakana mara mbili. "Shemeji, alisema bado," aliniambia. "Neno Hapana analijua, na angetaka angeliandika. Anakusubiri." Nilimjibu kwamba asubiri. Shemeji alifariki tarehe 21 Agosti 2012. Nilikuja kwenye mazishi, nikasimama nyuma kabisa, nikaondoka bila kumpa kaka mkono. Binti yao alikuwa ameshaolewa mbali, kwa hiyo kuanzia siku hiyo kaka aliishi peke yake katika nyumba ile. Jirani yake anasema alipika mara moja kwa siku na kuosha sahani palepale. Binti anasema kwamba kwenye simu, lori likipita nje, baba yake aliacha sentensi katikati mpaka lipite.

Kuna jambo ambalo hakulijua, na nalisema leo kwa kuwa nilipaswa kumwambia yeye. Kwa miaka kumi na minne niliitumia winchi ile kwa mizigo midogo, kazi za uchochoroni zisizodai fomu, na sikuwahi hata mara moja kuzungusha mkono wake pembeni ukiwa na mzigo. Nikikuta ukuta, nililigeuza lori upya. Wateja walilalamika kwamba napoteza muda. Nilimtii kila siku ya kazi, na sikumwambia.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua. Alilazwa mara tatu. Ijumaa, tarehe 20 Oktoba, binti yake alinipigia, nami nikaenda. Nilimkuta amelala dirishani, wodi ya vitanda sita, kiti cha wageni kimejaa blanketi kwa sababu hakuna aliyekuwa akikikalia. Alinitazama, akauliza:

"Umekuja na lori?"

"Nimekuja nalo."

"Lina miguu?"

"Bado," nikasema.

Alicheka mpaka akakohoa, muuguzi akaja kutugombeza. Alipopata pumzi akaniambia, "Nenda kachomelee. Mimi hapa siendi kokote. Ukimaliza, nitaomba kiti cha magurudumu nishuke uwanjani."

Nilifanya kazi hiyo siku ishirini. Ningeweza kuimaliza kwa wiki moja. Nilitaka aione imenyooka, nikapiga msasa, nikapaka rangi mara mbili. Sikurudi wodini, nikijiambia kwamba nitarudi nayo ikiwa tayari. Alhamisi, tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi, nikiwa na brashi mkononi, binti alinipigia. Baba yake alikuwa amefariki saa mbili na nusu. Muuguzi alisema aliomba asogezewe kitanda kidogo ili aone geti.

Namwomba Mungu anisamehe zile siku ishirini, na ile miaka iliyotangulia. Na mbele yake, na mbele yenu mliosikia niliyomwambia siku ile ya kupima winchi, nasema: kaka alikuwa sahihi. Hakunizuia. Alinilinda mimi, na yeyote ambaye angesimama chini ya mzigo wangu.

Marehemu ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili na mimi mdogo wake. Mafundi watatu wamekuja leo kutoka mbali na kuniambia kwamba wako hai kwa sababu yake. Sikuwafahamu. Wawekeni karibu na familia.

Jana fundi mwenzangu alishauri, kwa nia njema, kwamba jeneza lishushwe kwa winchi yangu, kwa kuwa imekamilika na imesimama pale nje. Nimekataa. Haijapimwa, na siwezi kumweka chini ya kitu ambacho hakukipitisha. Kwa hiyo naomba wanaume watano wenye mikono imara waje mbele tushike kamba. Mimi nitashika upande wa kichwa. Tumshushe polepole, kwa usawa, na Mwenyezi Mungu ampokee, ampumzishe kwa amani.