Dondo Lililopakwa Vanishi

Sikilizeni wanangu. Na wewe Shifa kaa, chai ikipoa dunia haitaanguka. Daktari kashasema alichosema, nami nimeridhika. Nizikeni hukuhuku Guangzhou kwenye makaburi ya Waislamu. Sitaki michango ya kunisafirisha Unguja, ardhi yote ni ya Mungu. Duka letu hapa Xiaobei mgawane kama dini ilivyoamuru. Langu mimi ni hili dondo.

Mnalijua: kombe la konokono wa baharini, mgongo madoadoa, tumboni meno. Bibi yenu alisugulia kofia za mkono, mshono ukalala, nami nikaja nalo huku, nikawa nashona kofia za viua, zile za vitundu vya sindano, nyuma ya duka huku mbele nauza za mashine kutoka soko la jumla la Shahe. Jirani yetu Mchina akinicheka, ananionyesha pasi. Pasi! Pasi huunguza uzi, dondo huulaza.

Sasa Murshid, baba, ukaniona kitandani ukataka kunifurahisha, ukalipeleka likapakwa vanishi ling'ae. Lo! Nililisugua kwenye kofia yako ya harusi likanata, likaacha doa la manjano. Nawe Shifa ukamwita kaka yako mpumbavu mbele ya wateja, na tangu siku hiyo mnapishana humu chumbani kama wapangaji. Doa halikuniuma. Kununiana kwenu ndiko kunakoniua kabla ya maradhi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Haya, mimi nimelima mpaka nimechoka, lini mtapatana nikavune?

Konokono wa dondo akiwa hai hutoa nyama yake akaligubika kombe lote, ndiyo maana hung'aa lenyewe bila vanishi ya mtu. Ndivyo nilivyowagubika nyinyi tangu baba yenu alipofariki. Sasa nyama yangu imekwisha. Gubikaneni wenyewe.

Shifa, vanishi umeshaitoa. Nilikuona ukiifuta kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, ukidhani nimelala. Basi leta ile kofia. Ishike, ivute... Murshid, chukua dondo. Sugua. Si kwa nguvu, baba, taratibu... Doa halitoki, liache, uivae hivyohivyo siku ya ndoa yako.

Radhi zangu nimewapa, wote wawili... Mungu awafunike... Shifa, usiachie. Msiache, wanangu... nasikia... sugueni...