Nani Anakunywa Jua la Masatu

Weka kiganja kifuani, uape hutalisema hili hata kwa mwenzako wa kitanda. Umeapa? Nami niliapa hivyohivyo kwa aliyenisimulia, basi sogea. Ilikuwa Mwigobero, kando ya ziwa, miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa ya foleni na bidhaa za ruksa ndiyo kwanza zinaingia. Masatu alivusha watu usiku kwa mtumbwi wa tanga. Nyuma ya mtumbwi alifunga paneli ya sola aliyoachiwa na padri mmoja. Sola inajaza betri ya gari, betri inawasha taa ya mlingoti. Sasa taa ikawa inakufa njiani, na jana yake boti la mizigo lilikaribia kumpanda gizani. Abiria wakaanza kumkimbia. Akaja kijiweni, kwenye kahawa ya Getruda, kichwa chini.

— Jua limechoka, akasema Bernado, aitwaye Injinia kwa kuwa aliwahi kufagia karakana. Linakausha pamba yote ya Bunda, litakubakizia nini?

— Betri imejaa hiyo, akapinga Kasmiri Redio. Debe tupu haliachi kuvuma. Hiyo yako inavumaga?

— Haivumi, Masatu akakiri.

— Basi imejaa. Kilichozidi ni giza.

— Ni mamba, Injinia akakata shauri. Anapandaga mtumbwini kulamba umeme. Ndiyo maana wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Masatu hakucheka. Pembeni alikaa Mama Nyangi, mgeni wa kutoka Butiama, na mtoto mwenye homa, akingoja kuvushwa jioni ile.

— Samahani baba zangu, akasema. Hiyo sola mchana inakuwaga na hali gani?

Hata Masatu hajui. Mchana, pale ufukweni, mama mkwe wake Mbuke huanika dagaa, na mwanaume mwenye adabu hasogelei alipo mkwewe.

Wakateremka wote. Bibi Mbuke alikuwa ameinamia mtumbwi, sola nzima imefunikwa dagaa, na viganja vyote viwili vimejaa wengine.

— Kameza ka mkwe wangu haka, akasema taratibu. Kanapataga moto kuliko mwamba.

Masatu alikuwa ameshageuka, kofia usoni.

— Mpeni shikamoo yangu, akanong'ona. Halafu mumwombe, kwa heshima zote, anirudishie jua langu.