Mungu Alitulishia Ng'ombe kwa Mihogo ya Ishiara

Ndugu zangu, Bwana asifiwe sana! Kwa wale hawanijui, naitwa Mama Wawira. Nilizaliwa kule Ishiara kwenye joto, nikaolewa huku Kianjokoma kwenye baridi na majani chai. Nimesimama kwa sababu Mungu ametutendea, na nikinyamaza nitakuwa nimemnyima sifa zake.

Mnaukumbuka ule ukame. Mume wangu Njiru alikuwa ameanguka kwenye mjengo akaumia mgongo, hata kugeuka kitandani ilikuwa lazima nimsaidie. Tukabaki kutegemea ng'ombe mmoja, Kamweru. Maziwa yake ndiyo yalikuwa sukari yetu, dawa ya Njiru na karo ya watoto. Halafu mvua ikakataa. Nepia, yale majani tuliyokuwa tukimkatia Kamweru, ikakauka ikawa vijiti. Unga wa ng'ombe ukapanda bei mpaka nikawa napita dukani bila kuangalia ndani. Kamweru akakonda, na yule mtu wa kukusanya maziwa akaacha kusimama kwetu.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye boma moja, akasema auzwe kwa mchinjaji kabla hajafa. Sikumlaumu. Aliona mwanawe amelala, na ng'ombe naye anaelekea kulala. Nilipiga magoti kando ya hori tupu, nikamwambia Mungu sina maneno mengi, anionyeshe tu huyu ng'ombe atakula nini.

Ndugu zangu, jioni hiyo hiyo mama yangu alipiga simu kutoka Ishiara kumjulia hali Njiru. Katika kuongea akaniambia mihogo imejaa shambani na wanunuzi hawaji, kwa hivyo mingine anawapa ng'ombe wake, vile walifundishwa kwenye kikundi chao. Akauliza, "Kwani wa huko juu hawali mihogo?" Nimekua nikila mihogo, lakini sikuwa nimewahi kuiona kama chakula cha ng'ombe. Nikamwomba anitumie magunia machache.

Magunia yalipofika, mama mkwe alikataa. Mbuzi wa jirani alikuwa amekufa baada ya kula maganda mabichi ya mihogo, naye aliona kwa macho yake. "Mama Wawira," akaniambia, "huyu akifa, tumebaki na nini?"

Nikamwita afisa wa mifugo. Alimwambia mama mkwe kwamba hofu yake ni ya kweli, mihogo mibichi ina sumu, hasa ile michungu. Ndiyo maana inakatwa vipande vidogo na kuanikwa juani mpaka ikauke kabisa. Ng'ombe anaanzishiwa kidogo, anaongezwa polepole. Tena mihogo peke yake haitoshi, inampa nguvu tu, kwa hivyo tuchanganye na majani ya kaliandra, ile miti tuliyopanda mpakani, na ya viazi vitamu tukiyapata. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuleta panga.

Tulikatakata pamoja, tukaanika kwenye turubai, tukiongea mambo ambayo hatukuwa tumewahi kuongea. Siku ya kumpa Kamweru mara ya kwanza, mama mkwe alikaa kando ya zizi tangu asubuhi, akimwangalia vile mtu anaangalia mgonjwa. Kamweru akala, akalamba hori, akalala akicheua. Nikaona midomo ya mama mkwe inaomba.

Maziwa hayakurudi mara moja. Yalirudi polepole, mpaka mtu wa maziwa akaanza kusimama tena. Leo Njiru anatembea na fimbo, na kugeuza mihogo juani ni kazi yake. Majirani wameanza kununua kwa mama, na mihogo yake haiozi tena shambani. Mungu alibariki nyumba mbili kwa kitu kimoja!

Juzi mama mkwe aliniambia nimpeleke Ishiara. Tangu niolewe hakuwa amefika. Alimkuta mama yangu akimenya mihogo, akamshika mikono yote miwili. "Mama," akasema, "nimekuja kukushukuru kwa mihogo, na kwa msichana." Mama yangu alimvutia kiti, wakaketi, wakamenya pamoja.

Ndugu yangu ambaye hori lako ni tupu leo, mwambie Mungu vile mambo yako yalivyo. Mtegemee. Sisi tulimtegemea, na hakutuacha. Jina lake litukuzwe milele. Amina.