Mashati Mapana ya Lenox Ofumbi

Mchungaji, wazee wa ukoo, wakwe zetu wa Buhehe, wachuuzi mliovuka mpaka alfajiri mkaacha meza zenu, na ninyi mnaochomwa na jua kwa sababu hema limejaa, familia inawasalimu, na inaomba utulivu, kwa kuwa historia hii nusura isisomwe.

Marehemu Lenox Ofumbi alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 huko Mulanda, wilayani Tororo, mtoto wa tatu wa mzee Yokana Ofumbi na mama Apendi, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akaingia sekondari mjini Tororo mwaka 1985, akaishia kidato cha pili, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu alilipunguza kiunoni shati la sare kwa sindano ya mama yake, akarudishwa nyumbani kulifumua, akaona heri aache shule kuliko kuliharibu shati.

Mwaka 1991 alianza kuuza mitumba ya wanaume katika soko la Busia, na hakuuza kitu kingine maishani. Alikuwa na pamba, kitani, flana, na ile nailoni ya miaka ya sabini yenye kola pana kama mabawa ya kunguru, ambayo wazee wengine mlioko hapa mliolewa nayo, samahani, mlioa nayo, mkatoka jasho mpaka bibi harusi akaomba nafasi. Vijana walipotaka kubanwa mbavu, aliwabana, walipochoka kubanwa, aliwafungulia.

Tarehe 14 Disemba 1996 alifunga ndoa na Edah, binti wa Buhehe, aliyekaa kwenye cherehani pembeni ya meza yake, yeye akichagua na Edah akirekebisha, wakajaliwa watoto watatu, Patience, Emmy na Mike.

Mwaka 2023 mashati mapana yalirudi, yale yanayoning'inia mabegani, na marehemu naye akaonekana nayo, soko likamsifu, Opolot wa meza ya jirani akamwambia amerudi ujanani, wateja wakaja kutoka Tororo na Malaba wakiomba kama lile la Lenox. Edah peke yake hakucheka. Mashati yale aliyajua kwa mkono wake, na hayakuwa mapana, yalikuwa ya marehemu mwenyewe ya miaka yote, aliyemo ndani ndiye aliyepungua. Alipouliza, aliambiwa ni fasheni. Alipoona sahani inarudi na chakula, aliambiwa mtu amekula sokoni yeye alipotoka kidogo, na sokoni, alipouliza, wakasema wao waliambiwa amekula nyumbani. Kila sifa ya wateja ilikuwa kwake kama msumari, kwa maana kadiri watu walivyompenda Lenox hivyo, ndivyo Lenox alivyokataa kwenda hospitali.

Tarehe 6 Februari 2024, siku ya soko, meza ikiwa imezungukwa, Edah aliinuka kwenye cherehani, akaingiza mkono mzima ndani ya kola ya mumewe, kola iliyofungwa vifungo vyote, akauacha humo watu wote wauone.

"Baba Patience, hii si fasheni, hii ni ugonjwa. Leo sishoni hata kifungo mpaka twende."

Marehemu alijaribu kucheka, kicheko hakikuja, akasema polepole, "Wacha niuze hii moja kwanza, mama, watu wanatuona."

Aliliuza shati lile, mteja akalipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo Busia haijawahi kuliona, kisha wakapanda boda boda. Hospitalini ilionekana saratani ya tumbo, na daktari alipouliza tangu lini, marehemu alijibu juzijuzi, Edah akajibu mwaka mzima. Wakati wa upasuaji ulikuwa umepita, lakini dawa zilimpa muda wa kumwona Patience akifunga ndoa, hadi tarehe 3 Septemba 2025, alipofariki nyumbani Mulanda.

Jana wazee waliagiza tuandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, kama tunavyosoma katika misiba yetu yote kwa heshima. Edah aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mkisoma muda mfupi, nitasimama nikanushe hapo kwa jeneza." John Paul, kaka mkubwa wa marehemu, alitoka nje kwa hasira, na sasa ameketi pale mbele akituangalia, tunamheshimu, na tunasoma hivi: Lenox Ofumbi aliugua kwa muda mrefu, alificha, na soko zima lilimsaidia kuficha kwa kumwambia amependeza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema ukweli kwa upole, majirani wa Mulanda kwa kuni, maji na maombi, wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka, Opolot aliyemlindia meza bila kuulizwa, na kaka John Paul, ambaye hajasimama kutupinga.

Pumzika, Lenox, amani iwe nawe, huna tena cha kuficha.