Kipima Joto Hakiitiki

Benchi letu liko nje ya kibanda cha Gatwiri, fundi wa simu, karibu na soko la Meru. Asubuhi ile Murithi alikuja na bodi ya umeme ya inkubeta yake ya kuangulia vifaranga, akaketi kwenye ukingo wa benchi. Nyumbani alikuwa na mayai ya mwisho ya kuku wa marehemu mama yake, mbegu aliyokuja nayo akiolewa kutoka Mikinduri. Kuku wenyewe walikuwa wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri. Kipima joto cha inkubeta kiliharibika, akanunua kipya, na bodi ikakataa kuwasiliana nacho.

Gatwiri alitueleza kwamba vitu hivyo huzungumza kupitia nyaya mbili, kila kimoja kikiitwa kwa namba yake. Alibadilisha namba kwenye programu, akaikompaili upya kwenye laptopu, yaani akaigeuza kuwa lugha ya mashine, akaipakia kwenye bodi. Laptopu ikasema hakuna kosa. Kipima joto kikanyamaza.

— Hakuna kosa, na haifanyi kazi? akauliza Kailemia.

— Hata mimi sielewi, mzee.

Kailemia tunamwita Volteji, maana aliwahi kuchimba mashimo ya nguzo za stima. Alisema nyaya mbili haziwezi kutosha: moja ni ya kuuliza, nyingine ya kujibu, na ya kusikiliza je? Bundi, karani mstaafu, akampinga. Kwa maoni yake bodi ilikuwa imezoea kile cha zamani.

— Volteji, ukipewa bibi mwingine leo, mtaongea leo leo?

— Wako ni wa miaka yote, na bado hamuongei.

Gatwiri akakompaili tena. Hakuna kosa. Bundi akasema labda bodi ilitengenezwa nchi ya theluji, na baridi yetu inaiona joto. Volteji akataka ipelekwe Embu, kwa kuwa huku mlima unaziba mawasiliano. Murithi alikuwa anamwitikia kila mmoja, chai yake ikipoa.

Ndipo dada yake, Kathambi, akatokea sokoni na kikapu. Alitusikiliza kwa muda.

— Mayai yako wapi?

— Nyumbani, ndani ya inkubeta, Murithi akasema.

— Na kama bodi iko hapa, yanapashwa joto na nini?

Murithi alimtazama Gatwiri. Gatwiri alitazama laptopu.

Kathambi alikuwa ameshavua sweta yake ili akayafunike mayai, akisimamisha boda boda.